Ngano ya Kingbird: Sifa Zake na Adabu za Kuilima

Kila mwaka kabla ya mvua kushika, katika mashamba ya ngano ya Njoro na Mau Narok, ya Uasin Gishu na Narok, na katika miteremko ya Timau chini ya Mlima Kenya, wakulima huulizana swali moja kabla ya yote: mwaka huu wapanda mbegu gani? Na jibu aghalabu hupatikana kwa kutazama ni nani aliyevuna magunia mengi msimu uliopita, kisha wengi wakaikimbilia mbegu yake, pasipo kuuliza kinga iliyomo katika mbegu hiyo ni ya jinsi gani, wala yatarajiwa kudumu kwa muda gani. Makusudi ya makala haya ni kumshauri mkulima abadili mpangilio wa maswali yake. Wingi wa magunia ni jambo la haki kuulizwa, kwani ukulima wa ngano una gharama kubwa na hakuna awezaye kuubeba bila faida. Walakini katika nchi ambayo ugonjwa wa kutu ya shina haukosi mahali pa kukaa hata mwezi mmoja wa mwaka, sifa ya kwanza ya mbegu ni namna inavyoikabili kutu, na sifa nyingine zote hufuata nyuma yake. Kwa kipimo hicho nitaieleza ngano iitwayo Kingbird, iliyozalishwa katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa ngano na mahindi, CIMMYT, kule Mexico, ikajaribiwa sana Njoro, na ikaidhinishwa kupandwa Kenya mwaka 2012. Nami nitasema wazi nguvu zake na upungufu wake, kisha nieleze jinsi ya kuilima.

Kutu si mgeni wa jana katika nchi hii. Mlowezi Lord Delamere alipopanda ngano kwa mara ya kwanza katika ardhi yake ya Njoro, mwanzoni mwa karne ya ishirini, kutu iliila ngano yake hata akalazimika kumwajiri mtaalamu, G. W. Evans, afanye kazi ya kuchanganya mbegu ili ipatikane itakayostahimili. Kazi hiyo ndiyo asili ya kituo cha kuzalishia mbegu kilichoanzishwa Njoro mwaka 1927, ambacho leo kiko chini ya shirika la utafiti wa kilimo la KALRO, na ambacho mpaka sasa hakijapata kupumzika. Maana kila mara ilipotolewa ngano yenye kinga, baada ya miaka michache kuvu ya kutu ilizaa kabila jipya lililoivuka kinga ile, na kazi ikaanza upya.

Mwaka 1998 nchini Uganda ilionekana kutu ya shina iliyoshambulia ngano zenye jeni inayoitwa Sr31, jeni ambayo ilitoka katika nafaka ya rai na ambayo wakulima wa mabara kadhaa walikuwa wameitegemea kwa muda mrefu bila ya kuona taksiri yake. Kabila hilo likapewa jina la Ug99. Kutoka Uganda liliingia Kenya, mwaka 2003 likathibitishwa Ethiopia, mwaka 2006 likawa limefika Sudan na Yemen, na mwaka 2007 likaonekana Iran; na Norman Borlaug, aliyekwisha kupata Nishani ya Nobel ya Amani kwa kazi yake ya ngano, akatumia nguvu za uzee wake kuyahadharisha mataifa juu ya hatari hiyo. Njoro ikageuka kuwa uwanja wa majaribio wa dunia nzima: maelfu ya mbegu kutoka nchi nyingi huletwa kila msimu zipandwe pale kwa makusudi, katikati ya kutu, ili ijulikane ipi itasimama na ipi itaanguka.

Ningependa msomaji azingatie yaliyotokea baadaye hapa kwetu, kwani ndiyo yanayonipa hoja yangu. Kulikuwa na ngano iitwayo Kenya Mwamba, iliyopendwa sana, ambayo kinga yake ilitegemea jeni moja, Sr24. Wakulima wengi waliipanda kwa wakati mmoja, na maeneo makubwa yakawa na ngano ya namna moja tu. Mwaka 2006 likagunduliwa tawi la Ug99 lenye uwezo wa kuivuka Sr24, na msimu wa mwaka 2007 Mwamba ikapigwa vibaya. Kisha ikaja Robin, ngano yenye mazao mazuri kweli kweli, nayo ikaenea hima, na kinga yake kubwa ikawa ni jeni nyingine moja, SrTmp. Mwaka 2014 likaonekana Kenya tawi jipya la kutu lililoivuka hiyo pia, na tangu hapo anayepanda Robin sharti awe na pampu na dawa tayari. Mara mbili katika muda wa miaka kumi mkasa ulikuwa ule ule, na sababu yake ilikuwa ile ile: kinga ya jeni moja kubwa, iliyotandazwa juu ya mashamba mengi kwa pamoja, humfunza adui njia moja tu ya kuipita, na akiipata njia hiyo hana kingine kinachomzuia.

Kinga ya Kingbird ni ya jinsi nyingine. Haikujengwa juu ya jeni moja kubwa inayoifukuza kutu kabisa, bali juu ya jeni kadhaa ndogo ndogo, kila moja ikipunguza kidogo, na zote kwa jumla zikiichelewesha kutu kiasi cha kuifanya isipate wakati wa kuliharibu suke. Malengelenge ya kutu huwa machache, madogo, na yakawia kupasuka. Kuvu huzaa, lakini huzaa kwa shida. Miongoni mwa jeni hizo imo Sr2, ambayo historia yake yastahili kujulikana na kila mkulima. Mtu mmoja wa South Dakota kule Marekani, Edgar McFadden, aliichukua ngano ya kale ya jamii ya ema iitwayo Yaroslav, akaichanganya na Marquis, ngano mashuhuri ya machipuko ya Kanada ambayo ilikuwa tamu kwa mkate lakini dhaifu kwa kutu, na katika uzao wao akapata ngano aliyoiita Hope. Kutoka Hope, Sr2 ilienea katika ngano za nchi nyingi, na baada ya takriban miaka mia ya kukabiliana na makabila ya kutu yasiyo na idadi, ingali yafanya kazi yake ndogo kama ilivyoifanya siku ya kwanza. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo katika elimu ya mbegu.

Lakini fadhila hii ina masharti yake, na asiyeyajua ataidhulumu ngano na kujidhulumu nafsi yake. Sharti la kwanza ni kufahamu kwamba kinga ya namna hii ni ya mmea mkubwa. Mche mchanga haujaikamilisha, nayo huzidi kujidhihirisha kadiri mmea unavyokaribia kutoa masuke. La pili ni kwamba mkulima ataiona kutu shambani mwake, na asishangae wala asikate shauri kuwa amedanganywa na muuzaji wa mbegu. La tatu, ambalo nimeona linawahangaisha wengi, ni weusi unaotokea katika vifundo vya shina na katika makapi ya suke la ngano zenye Sr2 karibu na wakati wa kukomaa. Weusi huo si maradhi. Ni alama inayofuatana na jeni yenyewe, na wazalishaji wa mbegu huitafuta kwa furaha. Kuitofautisha na kutu ni kazi ya kidole gumba: sugua mahali penye weusi, na kidole kitatoka safi, sugua lengelenge la kutu ya shina, na kidole kitatoka na vumbi la rangi ya tofali, na ukilitazama lengelenge lenyewe kwa karibu utaona ngozi ya shina imepasuka na kingo zake zimechanika na kujikunja nje.

Kuhusu kutu ya manjano, ambayo hupenda baridi ya sehemu za juu kama Mau Narok na Timau, namshauri mkulima asiiegemee Kingbird kwa matumaini yale yale anayoyaweka juu yake kwa kutu ya shina. Na mintarafu ya mavuno, kwa kuwa ni ngano ifikayo mapema, yenye kimo kifupi na shina lisilolala kwa urahisi, isitarajiwe kuzipita ngano za muda mrefu katika shamba lenye mvua nyingi na mbolea ya kutosha. Mahali pake hasa ni pale ambapo mvua hukatika mapema, au pale ambapo mkulima amechelewa kidogo kupanda, au pale ambapo fedha za dawa ya kutu ni chache. Mwenye ardhi ya kutosha ningemshauri asipande shamba zima kwa Kingbird wala kwa mbegu nyingine yoyote moja. Agawe shamba, aweke aina mbili au tatu ambazo kinga zake hazifanani, na hapo ajali ikitokea itachukua sehemu tu ya mali yake. Shauri hili halipendwi na wenye kombaini, kwa sababu huwataka kuvuna mashamba yasiyokomaa siku moja, lakini yaliyotokea mwaka 2007 na mwaka 2014 ni hoja nzito kuliko usumbufu wa kombaini.

Kabla ya kuingia katika ukulima wenyewe, neno moja juu ya jamii ya ngano hii. Katika nchi za baridi ngano hugawanyika mafungu mawili: ile ipandwayo kabla ya majira ya baridi, ambayo haiwezi kutoa suke mpaka ipitiwe na wiki kadhaa za baridi kali, na ile ya machipuko, isiyohitaji baridi hiyo. Ngano zote tuzilimazo Kenya na Tanzania ni za jamii hii ya pili, na ngano ya fungu la kwanza ikipandwa kwetu hubaki majani matupu kama nyasi za malisho. Kwa hiyo msomaji anayepewa mbegu na jamaa yake kutoka Ulaya aikatae kwa adabu, kwanza kwa sababu hii, na pili kwa sababu sheria za karantini haziruhusu mbegu kuingia nchini kiholela.

Wakati wa kupanda ndio msingi. Kingbird hukomaa kwa muda wa miezi mitatu na ushei mpaka kukaribia minne, kwa kadiri ya mwinuko na baridi ya mahali, basi mkulima na aanze hesabu yake mwisho: ajiulize ni mwezi gani mvua hupungua kwake, na arudi nyuma mpaka apate siku ya kupanda, ili ngano ijaze punje wakati udongo ungali na unyevu na ikauke wakati anga limetulia. Katika Uasin Gishu hesabu hiyo huwaleta wengi kwenye mwisho wa Mei na Juni. Narok huanza mapema zaidi, maana mvua zake ni nyingine. Lakini katika eneo lolote, anayechelewa mno kuliko jirani zake hujitafutia balaa, kwa sababu spora za kutu zilizozaliwa katika mashamba yao yaliyotangulia hupeperushwa na upepo na kuiangukia ngano yake ikiwa ingali changa, kabla kinga yake haijakamilika.

Na hapa pana jambo ambalo wengi hulipuuza. Kwa kuwa misimu ya kupanda hutofautiana kutoka eneo hata eneo, daima mahali fulani katika nyanda zetu za juu pana ngano mbichi, na kutu, ambayo haiwezi kuishi ila katika mmea hai, huhama kutoka shamba moja hadi jingine mwaka mzima. Ngano inayoota yenyewe baada ya mavuno, kutokana na punje zilizomwagika, ndiyo kituo chake cha mapumziko. Iondolewe kabisa, kwa haro au kwa dawa ya magugu, wiki kadhaa kabla ya kupanda, na isiachwe hata pembezoni mwa ua na kando ya barabara. Haya hayahitaji fedha nyingi, yahitaji ujirani mwema, maana shamba moja lililoachwa huweza kuwaambukiza wengi.

Ardhi itayarishwe mapema, kiangazi, ili magugu yaote na kuuawa kabla ya mbegu kuingia. Wanaolima bila kupindua udongo huhifadhi unyevu na hupunguza gharama ya dizeli, na hiyo ni njia njema katika sehemu kavu, mradi magugu yadhibitiwe. Udongo upimwe. Sisemi hili kwa mazoea ya waandishi wa makala za kilimo; nalisema kwa sababu sehemu kubwa ya Uasin Gishu ina udongo wenye asidi, ambamo alumini huyeyuka na kuiunguza mizizi ya ngano, na mkulima anayetia mbolea ya DAP mwaka baada ya mwaka huzidisha asidi hiyo huku akilalamika kuwa mbolea imeghushiwa. Dawa yake ni chokaa ya shambani, itiwe mapema na kuchanganywa na udongo, kwa kiasi kitakachotajwa na maabara. Kadhalika katika sehemu za Nakuru zenye udongo uliotokana na majivu ya volkano kuna upungufu wa madini ya shaba, ambao dalili zake ni ncha za majani kunyauka zikawa nyeupe na kujisokota, kisha masuke yakatoka yakiwa matupu. Mkulima akiona hivyo hudhani ni ukame, akasikitika na kunyamaza, ilhali dawa kidogo yenye shaba inyunyizwayo juu ya majani wakati ngano inapotoa machipukizi yatosha kuliokoa zao lake.

Mbegu inunuliwe iliyothibitishwa, yenye muhuri, na iliyopakwa dawa ya kuzuia fugwe, ule ugonjwa unaoligeuza suke zima kuwa masizi meusi na ambao hukaa ndani ya punje pasipo kuonekana kwa macho. Wanaotaka kutumia mbegu ya ghalani kwa msimu wa pili wasilaumiwe, maana ngano hujichavusha yenyewe na tabia zake hazipotei kwa mwaka mmoja kama zipoteavyo za mahindi chotara. Lakini waichambue, waipake dawa, na waipime uotaji wake. Kipimo ni chepesi: zihesabiwe punje 100 bila kuchagua, zifungwe ndani ya kitambaa chenye unyevu, ziwekwe mahali penye joto la kadiri, na baada ya juma moja zihesabiwe zilizoota vizuri. Zikipungua 85, ama kiasi cha mbegu kiongezwe, ama itafutwe mbegu nyingine.

Kwa mashine ya kupandia, kilo 40 hadi 50 kwa ekari zatosha, mistari ikiachana takriban sentimita 20. Anayetawanya kwa mkono hana budi kuongeza, kwa kuwa nyingine zitabaki juu na kuliwa na ndege. Kina kisizidi sentimita 5. Kwa Kingbird na ngano nyingine fupi jambo hili si la hiari, kwa sababu chipukizi linalopenya udongo katika ngano hizi ni fupi kama ngano yenyewe, na punje iliyozikwa kwa kina kikubwa huchipua chini kwa chini, ikachoka, na isitokee. Nenda nyuma ya mashine, fukua mstari kwa kidole katika sehemu kadhaa, uzione punje zilipolala, na usimamishe kazi mpaka mashine irekebishwe kama zimezama. Kitendo hiki cha dakika chache kimewaokoa watu hasara ya shamba zima.

Mbolea ya kupandia, gunia moja la kilo 50 la DAP kwa ekari, huipa ngano kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfeti, kiasi kinachofaa katika udongo wa kawaida ambao si wa asidi kali. Wakati machipukizi yamekwisha kutoka, kabla shina halijaanza kurefuka, iongezwe mbolea ya kukuzia, mathalani CAN, kwa kiasi cha nusu gunia hadi gunia moja kwa ekari kulingana na mvua na zao lililotangulia. Mkulima aliyetangulia kupanda njegere au maharagwe atapunguza. Aliyepanda ngano juu ya ngano ataongeza, ingawa namsihi aache mazoea hayo, kwani ngano inayofuata ngano hurithi magugu na maradhi ya iliyotangulia. Viazi, njegere na rapa ni wenzi wazuri wa kupishana nayo.

Magugu yashughulikiwe mapema, ndani ya wiki tatu hadi tano tangu kuota. Adui mkubwa ni shayiri mwitu na nyasi nyingine zinazofanana na ngano, ambazo zikiachwa zikamwaga mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi. Dawa ya magugu yenye majani mapana, hasa ile ya 2,4-D, ina wakati wake maalumu: itumiwe baada ya ngano kutoa machipukizi na kabla ya kifundo cha kwanza kuhisika kwa kidole katika shina. Ikitumiwa kabla au baada ya hapo, masuke hutoka yamepinda na punje hupungua, na kosa hilo halionekani mpaka siku ambayo haliwezi tena kurekebishwa.

Nimefika penye kiini cha shauri langu, nalo ni ulinzi dhidi ya kutu. Tangu suke linapovimba ndani ya ala yake, mkulima aingie shambani kila juma, asubuhi, akipita kwa mwendo wa kupinda pinda ili asitazame ukingo peke yake, na asimame katika sehemu kumi au zaidi, afunue majani na kuangalia shina chini ya jani la juu kabisa, lile ambalo wataalamu huliita jani bendera. Kutu ya shina nimekwisha kuieleza. Kutu ya manjano hujipanga katika mistari inayofuata mishipa ya jani. Kutu ya majani ni madoa madogo ya mviringo, ya rangi ya chungwa iliyoiva, yasiyochana ngozi. Katika Kingbird iliyo salama, malengelenge ya kutu ya shina aghalabu huwa machache na hujikusanya karibu na vifundo, na hali ikiwa hivyo wakati ngano imekwisha kutoa maua, mara nyingi hakuna haja ya kutumia fedha kwa dawa. Lakini malengelenge yakionekana kabla ya masuke kutoka, huku umande ukikaa mpaka saa nne za asubuhi na mvua zikiendelea, basi inyunyizwe dawa mara moja, kwa shabaha ya kulilinda jani bendera na suke, maana hayo mawili ndiyo yanayojaza sehemu kubwa ya punje. Dawa ifuate kipimo kilichoandikwa, isipunguzwe kwa kubana matumizi, na kama itahitajika mara ya pili itumiwe ya kundi tofauti, kwani kuvu huzoea dawa kama inavyozoea jeni. Mwenye Robin katika shamba hilo hilo hatakuwa na ihtiyari hii ya kungoja. Hapo ndipo faida ya Kingbird huonekana kwa macho, katika stakabadhi za duka la dawa kabla haijaonekana katika magunia.

Wadudu sitawarefushia maneno. Vidukari wa ngano wa Kirusi, walioonekana Kenya katikati ya miaka ya 1990, hujificha ndani ya jani lililojikunja kama bomba, lenye michirizi myeupe, na kwa kuwa wamejificha, dawa inayogusa juu tu haiwapati. Huhitajika ile inayoingia ndani ya mmea. Kwelea kwelea ni jambo jingine. Kwa kuwa Kingbird huwahi kukomaa, shamba lake huweza kuwa la kwanza kuvamiwa katika eneo zima, basi anayeipanda peke yake kati ya majirani wa mbegu za muda mrefu ajiandae kwa watu wa kuamia ndege tangu punje zinapotoa maziwa, na atoe taarifa kwa maafisa wa kilimo makundi yanapoonekana yakilala katika vichaka na mabwawa ya karibu.

Kuvuna kusicheleweshwe. Punje iliyokomaa ikinyeshewa ikiwa katika suke huanza kuchipua, na unga wake hauumuki wala hautoi chapati njema, na kinu huishusha bei au huikataa kabisa. Kombaini iitwe kabla ya siku yake, kwa kuwa Kingbird huwahi, na mkulima aliyezoea kungoja zamu yake pamoja na wenye mbegu nyingine atakuta zamu imekuja ngano ikiwa imekwisha kupukutika. Unyevu wa punje uwe asilimia 13 au pungufu yake kabla ya kutiwa ghalani. Na atakayeuza kinuni ajue kuwa hupimwa uzito wa punje kwa ujazo, usafi na unyevu, na kwamba punje iliyosinyaa kwa kutu huanguka katika kipimo cha kwanza.

Na sasa nina ombi kwa kila anayeipanda ngano hii. Kinga yenye jeni nyingi ndogo imedumu, lakini hakuna mzalishaji wa mbegu mwenye busara anayeidhamini milele, na habari ya kwanza ya mabadiliko ya kutu hutoka kwa mkulima anayetembea shambani mwake. Ukiona katika Kingbird malengelenge makubwa, mengi, yanayochana shina lote badala ya kukaa karibu na vifundo, usinyamaze wala usisubiri mavuno. Kata vipande vya shina lenye malengelenge hayo, viache vikauke kivulini, uvitie ndani ya bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwa maana ndani ya plastiki huota ukungu na spora za kutu hufa. Juu ya bahasha andika jina la ngano, mahali, mwinuko na tarehe, kisha uipeleke kwa afisa wa kilimo aliye karibu nawe au moja kwa moja kituoni Njoro.